Bega la Dada

Fundi alikuwa akitia uzi kwenye sindano ya cherehani mama mmoja alipoingia na binti yake wa pili. Wiki hiyo vyuo vilikuwa vinafunguliwa, na foleni ilitoka nje mpaka kwenye ngazi. Mama alitaka shati la chuo. Fundi hakuinua kichwa. Aliuliza kama huyu ndiye mdogo wake yule dada anayefanya kazi benki, akaambiwa ndiye, akasema basi vipimo vya dada mtu anavyo kichwani, waje kesho.

Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake kama pambo. Jicho lake lilikuwa la haraka, na mara nyingi halikukosea. Lilipokosea, mwili wa mteja ulijirekebisha. Karani mmoja mnene alishonewa suruali ya mtu mwembamba, na alipofika kwenye kifungo cha mwisho alikuwa mwembamba. Mkewe alimzoea. Watu walimsifu fundi kwamba nguo zake hazirudishwi.

Kesho yake binti alivaa shati nyuma ya pazia. Bega la kulia lilikuwa limekatwa chini, kama la dada yake, ambalo lilishuka tangu alipoanguka bafuni. Bega la binti nalo lilishuka taratibu, likatulia pale.

"Limekukaa," mama alisema.

Binti alijaribu kuinua mkono. Ulifika usawa wa kidevu, ukagoma. Chuo kilikuwa kimempokea kwa ajili ya mkono huo. Kwenye mpira wa wavu, hakuna msichana aliyepiga mpira wa kuanzia kama yeye. Alisema shati si lake. Wa kwenye foleni walimwambia asijidekeze, watu wana haraka.

Fundi hakuwa mkorofi. Alivua futi shingoni, akampima bega moja baada ya jingine, kisha akapima shati. Vililingana barabara.

"Futi haina ndugu, mwanangu."

"Ungenipima jana."

"Jana kulikuwa na watu."

Binti aliona labda bado hawajachelewa. Alisogea penye mwanga wa dirisha, akasimama wima kadiri alivyoweza.

"Shikamoo, fundi," alisema, kama ndiyo kwanza anaingia. "Niangalie mimi."

"Marahaba."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena. Alimtazama kwa upole kutoka utosini mpaka kwenye viatu, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mteja yeyote.

"Nakuona, mwanangu," alisema. "Dada yako mtupu."

Kisha akamwita aliyefuata.