Ukuta Alioujenga Kaka

Waliojenga nyumba ile ya ibada ya Wamennonite, huko mashambani, walikuwa watu wasiopenda makuu: mawe hadi usawa wa madirisha, mbao juu yake, bila mnara wala kengele. Wajukuu wao ndio waliogombana. Wengine walitaka kinanda, wengine wakasema sauti ya mtu yatosha. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kuhama, wakaikata nyumba katikati kwa ukuta wa mbao, kila upande na mlango wake.

Mshonaji mmoja, mwanamke, alikuwa wa kinanda. Kaka yake, seremala, alikuwa wa sauti tupu, na ndiye aliyeupigilia misumari ukuta ule, enzi hizo damu ikimchemka.

Wakazeeka. Waumini wakapungua huku na huku, na paa likavuja bila kuuliza nani ana kinanda. Mwisho wakakubaliana kuikarabati nyumba kwa pamoja, isije ikawaangukia. Wakamwita msanifu majengo, mwanamke mtaratibu aliyeomba ruhusa kabla ya kubandua ubao. Aligonga boriti zote, kisha akawakusanya. Ya paa na msingi angewashauri yeye, alisema. Ya ukuta waamue wenyewe, kuuondoa au kuuhifadhi.

Mshonaji hakuona la kuamua. Siku ya harusi yake kaka hakuvuka mlango wa upande wa kinanda. Siku ya kumzika mumewe, kaka alisimama makaburini peke yake hadi ibada ya ndani ikaisha. Akainuka, akasema ukuta uondoke, ukawe kuni.

Seremala akakohoa. "Uachwe," akasema.

"Umeipenda kazi ya mikono yako, kaka? Hata hii?"

"Siipendi, mdogo wangu. Kila nikiiona najionea haya. Lakini tukiung'oa tutapaka chokaa, halafu tuwaambie watoto kwamba hapa tuliishi kama mate na ulimi. Sisi watu tusioapa, ambao neno letu ndilo kiapo, tukidanganya tutabaki na nini?"

Dada akaketi. Mikono ikainuliwa, wengi wakataka ukuta ubaki. Mshonaji akaondoka bila kuaga, na kwa majuma kadhaa akipita pale alitazama pembeni.

Alasiri moja aliwapelekea mafundi maji ya kunywa. Wengine walikuwa juu ya paa. Ndani alimkuta kaka yake amepiga magoti, akibadilisha ubao wa chini wa ukuta ule, ulioliwa na mchwa. Ubao mpya ulikuwa mrefu kwake. Akishika huku, kule kunateleza. Mshonaji alisimama, chuki na huruma zikimvuta huku na huku. Kisha akaweka ndoo chini, akainama, akaushika upande wa pili. Kaka akapigilia misumari. Alipomaliza alimfuta dada yake vumbi la mbao begani, kama alivyozoea kumfanyia walipokuwa watoto.

Jumapili ya kufungua nyumba, mshonaji aliingia kwa mlango wa kaka yake. Wanawake wakasogea, akakaa. Wimbo ukaanza, wa polepole, usio na kinanda cha kuushika ila waimbaji wenyewe. Akaisikia sauti ya kaka ng'ambo, kwenye mabenchi ya wanaume: imekwaruza, inachelewa kidogo nyuma ya wenzake. Hakuwa ameisikia ikiimba tangu wakiwa vijana. Akainamisha kichwa, akasikiliza beti mbili nzima. Ubeti wa tatu akajitahidi kuimba nao, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.