Jibu Kabla ya Kuitwa

Gerhard Niehaus alikuwa mchonga mawe. Makanisa ya matofali mekundu kandokando ya mto Ohio yana maneno ya Kilatini juu ya milango yake yaliyotoka chini ya patasi yake, na hakuna herufi hata moja iliyopinda. Mwanawe Anton alipiga kinanda kanisani, akawafundisha watoto wa wahamiaji kusoma, na jina lake halikupata kutajwa kwa ubaya. Clemens, mwana wa Anton, alifundisha Kilatini katika shule ya wavulana hadi kufa kwake, na miongoni mwa waliobeba jeneza lake walikuwamo majaji aliokuwa amewachapa utotoni mwao. Conrad ni mwana wa Clemens. Naye amefundisha lugha hiyohiyo mpaka nywele zikageuka pamba, na siku ya mashindano ya Kilatini ya shule za jimbo alikuwa ameketi katika ukumbi wa hoteli mjini Columbus, tai imemkaba shingo, miguu haitulii, akimtazama mjukuu wake Delphine akikaa mbele ya kitufe cha kujibia maswali.

Asubuhi, kabla hawajaondoka Cincinnati, msichana huyo alikuwa akiichokonoa goetta, nyama ya kusaga iliyochanganywa na shayiri na kukaangwa, bila kuitia mdomoni.

"Babu, nikuambie kitu, hutakasirika?"

"Sema kwanza."

"Tukishindwa leo, Kilatini nakiaga. Chuoni nitasoma mambo mengine."

"Kwa sababu ya kushindwa?"

"Kwa sababu nimechoka, Babu. Kila mwalimu akisikia jina langu anakaa wima."

Conrad aliendesha gari njia nzima huku akiung'ang'ania usukani kana kwamba mtu angemnyang'anya. Ilikuwa imempita akilini, na haikumtoka tena, kwamba kitu kilichobebwa na vizazi vinne kingeweza kuwekwa chini na msichana wa darasa la mwisho, mezani, kati ya mayai na kahawa.

Ukumbi ulikuwa umechafuka kwa furaha. Vijana wa shule za jimbo zima walikuwa wamejifunga mashuka ya kitandani begani kama Warumi wa kale, wengine wamevaa mataji ya majani ya plastiki, na shule zilishindana kupiga kelele kama askari wanaotaka kutisha jeshi. Conrad aliyaona hayo na kukunja uso. Katika siku zake Kilatini kilisomwa kwa koti lililofungwa vifungo vyote. Hata hivyo wale watoto walikuja kwa hiari yao, na hilo katika siku zake halikuwapo. Wazo hilo lilimkera, akaligeuzia uso.

Kwenye meza ya mashindano, Tobias, mwenzake Delphine, alikuwa akiwachokoza wapinzani.

"Ishaan, umekuja na leso? Maana leo utalia, kaka."

"Nimekuletea wewe," alijibu Ishaan, nahodha wa upande wa pili. "Nimeileta kubwa, kama shuka lako."

"Kimya," alisema Mwalimu Pickett, msomaji wa maswali, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Conrad. "Alama ziko sawa. Swali hili ndilo la mwisho. Atakayeshinda ataliwakilisha jimbo kiangazi."

Mashindano hayo yana desturi ambayo wote waliomo huijua. Anayebonyeza kitufe hafungui kinywa mpaka mwangalizi wa taa alitaje jina lake. Akijibu kabla ya kuitwa, jibu hufutwa hata kama ni sahihi, na wapinzani hupewa swali jipya peke yao. Tena mtazamaji hana ruhusa ya kusema lolote. Ni mwalimu wa timu tu awezaye kupinga.

Mwalimu Pickett alisoma: "Wagauli walipoupanda usiku mwamba wa Kapitoli, mbwa wakanyamaza..."

Taa ya Delphine iliwaka.

"Marko Manlio!"

Ukumbi ulilipuka. Tobias aliruka juu ya kiti. Jibu lilikuwa sahihi, kwani huyo ndiye askari wa Roma aliyeamshwa na bata bukini usiku ule, na lilikuwa limetoka kabla mwangalizi hajatamka hata silabi moja ya jina la Delphine.

Conrad aliliona. Alimwona pia Mwalimu Pickett akisita, karatasi mkononi, macho yakimtafuta yeye katika umati. Mwalimu wa akina Ishaan alikuwa ameinamia simu yake. Kwa hiyo hapakuwa na wa kupinga. Akisema, angevunja kanuni ya watazamaji. Akinyamaza, kanuni ya wachezaji ingevunjwa mbele yake. Maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba kanuni ni nyumba yenye mlango mmoja, na mtu mwadilifu hupita hapohapo. Sasa alijikuta kati ya milango miwili, na nyuma ya mmojawapo alikuwa mjukuu wake akicheka kama alivyocheka utotoni, kabla ya jina lao kumlemea. Aliinamisha macho. Alivitazama viatu vyake. Kelele ziliendelea, tamu, ndefu.

Kisha alisimama.

"Hakuitwa," alisema. Sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikinyamazisha madarasa. "Alijibu kabla ya kuitwa."

Nyuma yake kijana mmoja alilia kama bata bukini, na wachache wakacheka.

"Mzee Niehaus," alisema Mwalimu Pickett polepole, "watazamaji hawaruhusiwi kusema. Naomba utoke nje." Kisha akaigeukia meza ya wachezaji. "Na hilo alilolisema, nami nililiona. Jibu limefutwa."

Koridoni, Conrad alitembea hadi kwenye meza ya kuuzia fulana, akarudi, akatembea tena. Alisikia mlio wa kitufe, halafu vifijo vya upande usio wa kwao. Mlango ukafunguliwa.

"Tumeshindwa," alisema Delphine. Shuka lilikuwa limemteleza begani. "Umeridhika?"

"Hapana."

"Mzee, kwa heshima yako," Tobias alidakia, "babu gani anamchongea mjukuu wake? Huo ni unoko, bwana!"

"Mwache," alisema Delphine. "Sasa hivi atatuambia kanuni ni kanuni."

Sentensi hiyo ilikuwa tayari ulimini, imekamilika, kama ilivyokuwa tayari siku zote. Haikutoka. Alijishusha taratibu akaketi juu ya zulia, suti na tai yake, mgongo ukutani. Delphine hakuwahi kumwona babu yake ameketi sakafuni.

"Sikusimama papo hapo," alisema Conrad. "Uliona?"

Delphine alilivuta shuka lake. "Niliona."

"Nilikuwa nikiomba kelele zisiishe."

Kundi la watoto lilipita likivuta kigari cha mbao, mfano wa magari ya vita ya Warumi, magurudumu yakigongana na kuta. Hakuna aliyelitazama.

"Kaa hapa," alisema babu, akilipigapiga zulia kwa kiganja. "Na wewe, Tobias. Waiteni na wenzenu. Nisikilizeni, tena asinikatize mtu, maana jambo hili, la mtu kuipenda kanuni na huku akitamani ivunjwe, sijawahi kumwambia mwanafunzi yeyote, na sijui linaishia wapi."