Bahasha Mbili za Nywele za Mkia

Tangu mdogo wangu arudi shambani na koti lake jeupe, hakuna tena aliyeniuliza ng'ombe yupi ni mzuri.

Miaka ishirini na miwili nimesimama mlangoni mwa banda la kukamulia, asubuhi na jioni, napima maziwa na kuandika. Ng'ombe gani, kilo ngapi, kazaa lini, ndama wake yupi, mbegu ya fahali gani. Ndiyo maana wananiita Mizani. Daftari ninaloandikia sasa ni la tisa. Yale manane ya mwanzo yamo kabatini, na ufunguo wa kabati nauvaa shingoni, naoga nao, nalala nao.

Sheria ya daftari ni hii: kosa halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, aliyekosea anaandika lililo sahihi pembeni na kutia saini, halafu shahidi anatia saini chini yake. Katika madaftari yote tisa hakukuwa na ukurasa hata mmoja wenye saini mbili. Waulizeni wakamuaji.

Sasa huyu mdogo wangu. Mama yetu alikuwa mkamuaji hapa hapa, na sisi tumekulia katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya banda. Nimembeba mgongoni. Nimemfundisha kuhesabu kwa namba zilizo kwenye hereni za ng'ombe. Mikono ya mama ilipokufa ganzi, niliacha shule nikakalia kigoda chake ili mdogo wangu aendelee kusoma. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijitolea, tena nilijisifu sana. Ila anayejitolea akae akijua kwamba iko siku kile alichotoa kitapita mbele yake kimevaa koti jeupe, na watu wakikiamkia "Daktari".

Utafiti wake ni wa vinasaba. Anatafuta katika damu ya mnyama yale aliyorithi kwa wazazi: nani atatoa maziwa mengi, nani atavumilia joto, nani atasumbuliwa na kupe. Wenzake kwenye maabara kuu wanafanya hivyo hivyo kwa mbuzi na kuku. Kwa ng'ombe anahitaji nywele thelathini tu za mkia, zing'olewe na mizizi yake, zitiwe kwenye bahasha.

"Loo!" alisema Povu siku ya kwanza. Povu ni mkamuaji wetu wa zamani, tumempa jina hilo kwa sababu ya maneno yake: mengi, mepesi, na ukiyaacha kidogo yanatoweka. "Miaka yote nahangaika na chuchu, kumbe siri iko mkiani!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Ili nimjue ng'ombe, nasubiri azaliwe, akue, abebe mimba, azae, akamuliwe. Miaka minne. Yeye anamjua ndama hajaacha kunyonya. Niambieni, nani asingeona kijicho? Mimi niliona, na sitajifanya hamnazo.

Balaa lilianzia kwa mitamba wawili ambao hawajazaa bado, 418 na 421. Meneja alitaka kubaki na mmoja, awe mama wa mafahali wa shamba. Mwingine auzwe. Mimi nilisema 421, binti wa Shanga. Ukoo wa Shanga nimeuandika vizazi vinne: joto likipanda, wenzao wanashuka kilo nne, wao wanashuka moja. Mdogo wangu alimtazama 418, binti wa Tulia, mrefu, mgongo umenyooka, akasema huyo ndiye anayempendeza.

"Unachagua ng'ombe au bwana harusi?" nikamuuliza.

"Dada nawe!" Akacheka. "Huenda wewe ndiye uko sahihi. Tusubiri nywele zitasemaje."

"Tusubiri nywele," akasema meneja, na kalamu yake akairudisha mfukoni. Zamani nikisema, ile kalamu ilikuwa inaandika.

Siku ya kung'oa nywele niliwashika mitamba wenyewe, na mama zao pia, Shanga na Tulia. Mdogo wangu aling'oa, akatia nywele za kila mmoja kwenye bahasha yake, akaandika namba, nami nikaingiza namba zile daftarini. Tukaziweka mezani ofisini. Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea.

Nikabaki na bahasha.

Nilikuwa na hakika kwamba zingesema 418. Sikuwa na sababu ya maana. Nilijua tu kwamba maisha yote dunia imekuwa ikimpa yeye, na haingeanza siku hiyo kunipa mimi. Basi nikafungua mbili, nywele za 418 nikatia kwenye bahasha ya 421, za 421 nikatia kwenye ya 418, nikazikunja midomo, nikazirudisha pale pale. Ningependa kuwaambia kwamba mikono ilitetemeka. Haikutetemeka. Mikono yangu imezoea kazi.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Tulikaa ofisini: meneja, mdogo wangu, mimi, na Povu aliyesimama mlangoni ameshika ndoo tupu kama mtu aliyetumwa. Meneja akasoma. "418 amempita 421. Tena kampita kwa mbali."

"Chanda chema huvikwa pete!" akapiga kelele Povu. "Daktari kaona kwa jicho, na mashine imeona vilevile."

Nilikuwa nimeshaanza kununa ndipo nikaelewa. Nywele zilizoandikwa 418 zilikuwa za 421. Mtamba wangu ndiye aliyeshinda! Jicho langu lilikuwa sahihi, miaka yangu ilikuwa sahihi, na ushindi nilikuwa nimeuchukua kwa mikono yangu miwili nikampa yeye.

"Kuna ukurasa wa pili," alisema mdogo wangu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Maabara wanasema 418 si mtoto wa Tulia. Na 421 si mtoto wa Shanga."

"Nywele zinajuaje?" nikauliza.

"Mtoto anachukua nusu kwa mama, dada. Ukiweka nywele za mtoto karibu na za mama, nusu hiyo lazima ionekane. Hapa haionekani. Ndiyo maana tuling'oa na nywele za mama zao."

Kumbe. Mimi nilidhani Shanga na Tulia wamepimwa maziwa yao tu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa tayari ndani, maji ya shingo.

Meneja aliligeukia daftari langu mezani. Hakuna aliyewahi kulitazama hivyo. Akampigia simu mkuu wa maabara, akawasha kipaza sauti ili sote tusikie.

"Kama aliyeandika amekosea mama wa ndama," ilisema ile sauti, "namba zake za maziwa nitaziaminije? Madaftari yote tisa tutayaweka kando. Tutatafuta shamba lingine."

Miaka ishirini na miwili! Asubuhi za mvua, jioni za homa, siku ya mazishi ya mama ambayo nilipima kwanza ndipo nikaenda kulia.

"Mkuu," alisema mdogo wangu, "shamba hili nililichagua kwa sababu ya madaftari haya. Hayajawahi kukosea."

Hilo sikuwa nikilijua. Alikuwa hajaniambia, nami sikuwa nimemuuliza.

"Basi nani kakosea?"

Mdogo wangu alinitazama. Alinitazama kwa muda, bila ukali, nami nikatazama ndoo ya Povu.

"Ni mimi," akasema. "Nilichanganya bahasha mbili. Zigeuze, uone."

Tukasikia karatasi zikifunuliwa simuni. "Ni kweli. Ukizigeuza, kila mtoto anarudi kwa mama yake. Basi bora ni 421. Tuma nywele mpya tuthibitishe, na lirekebisheni kwenye kumbukumbu zenu."

Kwa hiyo nilipata vyote. Mtamba wangu alibaki, daftari langu lilisalimika, na mimi mwenyewe sikuguswa hata ukucha. Na mnajua nani alipongezwa? Meneja alisimama akampa mkono. "Msomi anayekiri kosa mbele ya watu! Siku hizi wako wapi?" Povu alilitangazia banda zima kabla hata maziwa ya jioni hayajaanza kutoka. Mimi alinikumbuka mwishoni. "Na Mizani naye," alisema, "kabahatisha."

Nilimkuta mdogo wangu kwenye karo la kuoshea madumu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mdomo wa bahasha mimi hukunja mara mbili. Zile mbili zilikuwa zimekunjwa mara moja." Hakuacha kusugua. "Siku ile nilidhani umenisaidia kuzifunga."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, dada? Ningekutaja wewe, na daftari lingekwenda na wewe."

"Nani kakutuma unifiche?"

"Uliacha shule kwa ajili yangu."

"Sikukuomba uje unirudishie!"

"Basi yaishe," akasema kwa upole. Upole wake ndio uliokuwa ukinimaliza siku zote. Angenitukana tungekuwa sawa.

Kwake yaliisha. Kwangu yalianza upya. Kila nilipopita, nilisikia habari za Daktari mwungwana. Mke wa meneja, ambaye hata maziwa hajui yanatoka upande gani, alimtumia salamu. Mnielewe: kwa miaka yote hiyo nilikuwa na kosa moja tu, moja, na hata hilo alilichukua yeye akalivaa likampendeza.

Siku ya tatu, baada ya ukamuaji wa asubuhi, alikuja nalo daftari, meneja nyuma yake, Povu nyuma ya meneja. Alikuwa amefuata sheria sawasawa. Kwenye ukurasa wa siku ya nywele alikuwa ameandika pembeni, kwa mwandiko wake ule wa shule: *Bahasha za 418 na 421 zilichanganywa na mtafiti.* Saini yake. Na chini yake mahali patupu.

"Shahidi ni wewe, Mizani," akasema meneja. "Tia hapo tukanywe chai."

Nikashika kalamu. Ningetia saini ningekunywa chai, na ufunguo ungebaki shingoni mwangu hadi nistaafu. Nilisoma ule mstari mara mbili. Ulikuwa uongo wa kwanza kuingia humo, na ulikuwa wa kunisaidia, na umeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Hapo nilishindwa. Msiseme ni dhamiri. Dhamiri ilikuwepo, ilikuwa imekaa nyuma sana. Kilichonisukuma mkono ni wivu. Kosa lilikuwa langu na nililitaka.

Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yake na saini yake. Nikaandika: *Zilibadilishwa na Mizani, kwa makusudi, kwa kumwonea wivu mdogo wake.* Nikatia saini. Nikamgeuzia meneja.

Alisoma, akaanza tena mwanzo. Povu naye alisoma begani kwake.

"Mizani, ni kweli haya?"

"Humo niliandika uongo lini?"

Wakamuaji walikuwa wamekusanyika. Wote walinitazama mimi. Tangu koti jeupe lilipoingia shambani, ile ilikuwa mara ya kwanza sote wawili tumesimama mahali pamoja na hakuna aliyemtazama yeye.

Meneja alinyoosha mkono, kiganja juu. Nikauvua ufunguo. Kamba yake ilikuwa imenichora mstari shingoni, na hewa ya asubuhi ikapapiga pale kwa baridi.

"Sheria inataka shahidi," nikasema, nikampa mdogo wangu kalamu.

Alikuwa analia. Machozi yake yalidondokea meza na si karatasi, maana nimemfundisha mwenyewe kwamba daftari halilowi. Akainama akatia saini yake, ndogo, bila mbwembwe.

Sasa mdogo wangu ndiye anayepima, juu ya utafiti wake, na ufunguo uko shingoni mwake. Mimi nimerudi kwenye kigoda cha mama, nakamua. Lakini ukurasa ule upo, wa pekee wenye saini mbili katika madaftari tisa. Yangu iko juu, yake iko chini. Niliona hivyo siku ile ile, wino haujakauka na yeye bado analia, na sitawadanganya: nilifurahi.