Mabega ya Majemadari

Ule mji ulioasi ulikuwa na majemadari wengi kuliko kuku. Tangu mwenye kinu cha unga ajipachike cheo, wanaume walijazana kwa mshonaji wakidai tepe nyekundu mabegani mwa makoti yao ya bluu ya uasi. Mshonaji, mwanamke asiyemung'unya maneno, akawauliza, "Sasa lango atalinda nani, mbuzi?" Wakamwona hana adabu. Aliyetaka tepe pana kuliko wote ni mdogo wake kinyozi, ambaye yeye dada ndiye aliyemlea mgongoni mama yao alipofariki.

"Juzi tu ulikuwa unafagia nywele za watu," akamwambia.

"Dada, heshima tafadhali. Unaongea na jemadari."

Haya. Akamshonea, huku akisonya.

Jeshi la serikali likauzingira mji. Majemadari wakashinda juu ya ukuta, juani, vifua mbele, wakibishana nani ampigie nani saluti. Zamu ya lango kila mmoja aliona ni kazi ya mwenzake. Basi asubuhi moja jeshi likasukuma lango likaingia, kama mteja anavyoingia dukani. Uasi wenyewe ndio ukaishia hapo.

Mpiga mbiu akapita akitangaza: askari wa kawaida waende zao; wenye vyeo watanyongwa. Kila mwanamume atoke langoni na koti lake la uasi mwilini, na asiye nalo atahesabiwa mkubwa.

Loo! Ukubwa ukageuka ukoma. Wale wale waliosukumana kushonewa wakasukumana kufumuliwa. Dada akaanza na wa kwake. Uzi ukatoka vizuri, lakini alipoliinua koti moyo ukampasuka: lote lilikuwa limepauka kwa jua, ila pale zilipokaa tepe bluu ilikuwa mbichi kabisa. Rangi ya kutia nguo ilishaisha mjini. Akasugua majivu, akapaka tope. Wapi!

Akashindilia vitambaa kwenye gunia, akamtwika mdogo wake kisogoni likamfunika mabega yote mawili.

"Pita hivyo hivyo, kichwa chini. Usilitue mpaka kwa shangazi."

"Watu wataniona hamali."

"Na wakuone! Mdogo wangu, nakuomba. Mimi sina mwingine."

Akalibeba, amenuna. Dada akamfuata nyuma. Langoni mkaguzi akamtazama kinyozi, akaona mbeba mzigo, akampungia mkono apite. Kinyozi alikuwa ameshamvuka mkaguzi, pale muuza mkaa, aliyesimama kwenye foleni, alipoangua kicheko.

"Kinyozi! Leo umekuwa punda?"

Mtu mwenye akili angekaza mwendo. Yeye akageuka. Dada akamwona anainama. Kinyozi akalitua gunia chini, akajinyoosha, kifua mbele, ili amjibu yule mpumbavu kwa heshima yake.

Mkaguzi hakumuuliza jina. Alimtazama mabega tu.

Gunia, dada alilibeba mwenyewe kulirudisha nyumbani.