Mikono Aliyoikata

Mhariri wa video alikuwa amekaa siku sita na wimbo mmoja. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya karakana ya vioo: pazia zito dirishani, kompyuta mbili, na kiti cha pili ambacho tangu mumewe ahame kilibeba makoti tu. Wimbo ulihusu binti anayeondoka kwao kwenda kuanza maisha, na midundo yake ilichangamka; mwimbaji mwenyewe ndiye aliyemwigiza binti.

Kabla ya kuikabidhi video, alifanya kama alivyofundishwa chuoni. Mwalimu wake alikuwa akisema mtazamaji si debe la kumiminiwa maji. Kila mtu huja na yake moyoni, huchukua kinachomfaa, na wengine hukataa kabisa ulichokusudia. Kwa hiyo usijidanganye kwamba unajua watu wataona nini. Waulize.

Akawauliza. Fundi vioo alitazama akiwa amesimama, akasema gauni limeshonwa vizuri, mkewe angelitaka. Dada wa mapokezi wa ofisi ya jirani alisema mwimbaji anaringa. Hayo mhariri aliyatarajia, akayaandika.

Kisha akamtumia shangazi yake aliyemlea. Haikupita nusu saa, shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, nimeiona. Mara mbili."

"Umeionaje, shangazi?"

"Huyo binti amefiwa?"

"Hapana. Anahama tu, ana furaha zake."

"Mbona hana mtu? Mtu anatoka kwao, hata wa kumshikia begi hakuna?"

Mhariri alicheka kidogo, akasema video za siku hizi ndivyo zilivyo. Lakini simu ilipokatika alifungua picha zote zilizopigwa, akazipitia moja moja. Watu walikuwepo. Mama akimfunga binti vifungo vya gauni mgongoni. Kaka akimvuta sikio kwa utani. Majirani wanne wakigombania begi. Kila mahali mkono wa mtu ulipomgusa mwimbaji, yeye alikuwa amekata. Hakukumbuka kuamua hivyo. Alikuwa amejiambia picha zimetikisika, mwanga umezidi. Kumbe hazikuwa na kasoro yoyote.

Aliitazama mikono yake mapajani. Ukimtoa msusi wake, hakujua ni lini mtu alimgusa mara ya mwisho.

Akairudisha mikono yote. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Mwongozaji wa video alipokuja kuitazama, alisema tu, "Hapo kwenye vifungo, watu watalia." Video ilipowekwa mtandaoni, walilia kweli. Wiki nzima waliandika chini ya video kwamba wamewakumbuka mama zao. Mmoja aliandika kwamba amechoshwa na ndugu wanaojazana kila mahali. Mhariri alisoma maoni yote peke yake, hadi macho yakamuuma.

Shangazi akapiga tena.

"Sasa ndiyo imekaa. Na wewe, uko na nani hapo?"

Alitaka kusema kazi ni nyingi. "Sina mtu, shangazi," akasema.

"Haya. Usikate. Mimi niko jikoni nachambua mboga. Niweke hapo mezani, kila mtu aendelee na kazi yake."

Akamweka kando ya kompyuta. Akasikia bomba likifunguliwa, kisu kikigonga ubao, shangazi akikohoa. Hawakusemezana tena kwa muda mrefu. Akafungua picha za wimbo uliofuata, akaanza kuzitazama.