Tope Ndani ya Pijo ya Obadiah

Nati ya kumwagia oil ilipofunguliwa, hakikutoka kitu. Fundi Nzau alilala chali chini ya lile gari kuukuu aina ya Pijo akingoja, beseni kando ya sikio, kisha akachokonoa tundu kwa waya. Ndipo kitu kikaanza kushuka. Haikuwa oil tena. Lilikuwa tope jeusi, zito kama lami iliyopigwa na jua, na lilining'inia kwa muda kabla ya kukatika.

"Daktari, njoo uone vile mzee alikuwa analisha hii gari," akaita.

Everlyne hakuwa daktari. Alikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali moja mjini Voi, lakini Nzau, aliyetoka naye Voi asubuhi hiyo, alikuwa amekwisha kumpandisha cheo njiani. Aliinama akalitazama lile tope kama anavyotazama sampuli.

"Hakuwahi kumwaga oil ya zamani," alisema. "Alikuwa akiongeza tu."

"Wazee wa Pijo wote wako hivyo. Ukimwambia amwage oil anakuona kama unamwambia amwage supu."

Gari lilikuwa limekaa miaka tisa katika ua huo wa Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, pua ikitazama geti. Obadiah, baba yake Everlyne, aliondoka nalo asubuhi moja kwenda Voi kununua mabati. Kesho yake lilionekana kando ya barabara kuu karibu na Miasenyi, milango imefungwa kwa ufunguo, mwenyewe hayupo. Wanakijiji na askari walitafuta porini hadi wakachoka. Hawakupata hata kiatu. Baba mdogo Morris ndiye aliyevunja kufuli la mlango na kulivuta gari kwa kamba hadi nyumbani, na ndiye aliyetoa maelezo ambayo nyumba nzima iliyashika: injini ilikuwa imeshikana kwa uchafu, Obadiah akafunga gari, akakata njia porini kwenda kutafuta fundi, na pori lile lina ndovu na simba.

Maelezo yalikuwa na mantiki, na Everlyne aliyakubali kwa sababu hiyo. Mama yake, Tryphena, aliyakubali nusu. Kila Jumamosi aliosha vioo vya Pijo. Hakuruhusu mtu asogeze kiti cha dereva. Mchana wa jua kali boneti ilipolia tak, tak, kama ya gari lililotoka safari sasa hivi, alitoka jikoni na kutazama.

"Ni bati linatanuka, mama," Everlyne alimweleza tangu mwaka wa kwanza.

"Najua," mama alijibu, na siku iliyofuata akatoka tena.

Mwaka huu hatimaye mama alikuwa amekubali kwamba mumewe alikufa. Jumamosi mchungaji angeongoza ibada ya kumbukumbu, na msalaba wa saruji wenye jina la Obadiah ulikuwa umeegemezwa nyuma ya jikoni, ukikauka. Baada ya ibada Pijo ingekwenda kwa mkulima mmoja wa Njukini, ya kubebea mahindi, ilimradi injini izunguke. Everlyne alitaka vyote viwili viondoke katika ua ule kwa wiki moja: gari na kungoja.

Nzau alimimina mafuta ya taa kwenye injini, akaongeza dizeli kidogo ili yasiwe mepesi mno, akatia mengine matundu ya plagi, akaacha yaloweshe hadi kesho. Harufu ikajaa uani. Tryphena alisimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu.

"Nyumba hii ilinuka hivi zamani za taa ya mafuta, kabla ya stima," alisema. "Wakati wa baba yako."

Asubuhi Nzau alimwaga yale mafuta, yakatoka meusi na mabonge kama masizi. Akatia spana kwenye nati ya mbele ya injini, akakanyaga chini kwa miguu miwili, akavuta kwa nguvu zote. Nusura aanguke. Spana ilizunguka kama mkono wa saa. Akavuta tena, polepole. Mizaha ikamwisha.

"Nini?" Everlyne akauliza.

"Hakuna kitu."

"Fundi."

"Imezunguka tu, dada. Kama injini iliyozimwa juzi."

Everlyne alifikiri. "Labda mafuta ya taa yameyeyusha kile kilichokuwa kimeishika. Tumekiosha kabla hatujakiona."

Nzau aliingia chini ya gari, akafungua sampu, bakuli la oil lililo chini ya injini. Chujio la oil lilikuwa limezibwa nusu kwa tope. Nusu nyingine ilikuwa wazi. Akafungua beringi moja, akaipangusa kwa shati lake na kumwekea Everlyne kiganjani.

"Injini ikikosa oil mpaka ishikane, hapa panachimbika kama barabara ya huku wakati wa mvua. Mafuta ya taa yanaosha uchafu. Hayarudishi chuma."

Everlyne alipitisha ukucha juu ya beringi. Haukukwama popote.

Akatafuta sababu nyingine ya gari kusimama, moja baada ya nyingine. Petroli? Waliyoitoa kwenye tangi ilikuwa imeoza, lakini nyingi. Magurudumu? Morris alilivuta gari likienda kwa magurudumu yake. Akampigia Morris simu.

"Baba mdogo, ulijuaje kwamba injini ilikuwa imeshikana?"

"Kwani mnafanya nini huko?"

"Ulijaribu kuiwasha?"

"Ningeiwasha na nini, Eva? Ufunguo alikwenda nao." Alikohoa. "Mama yako alikuwa amesimama getini, ananiangalia. Ulitaka nimwambie nini?"

Nzau alikuwa amekwisha kurudisha kila kitu na kutia oil mpya, petroli mpya na betri. Hakuna kingine walichobadilisha. "Tuwashe ama tuache?" akauliza kwa sauti ya chini. "Naweza kumwambia huyo wa Njukini aje alivute."

"Washa," Everlyne alisema. Nusu ya jibu haikuwa jibu.

Kwa ufunguo wa akiba, uliopatikana sandukuni miaka mingi baadaye, Pijo ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikakubali. Ilinguruma sawasawa, bila kugonga.

Tryphena alitoka jikoni mbio, unga mikononi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha dereva. Alipomwona Nzau pale, alisimama. Kisha akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa ikitetemeka.

"Ilikuwa imekufa?" akamwuliza binti yake.

Nzau akazima injini, akapata kitu cha kupangusa. Everlyne alikuwa amewasomea watu wengi majibu mabaya, na alijua kwamba husemwa kwa sentensi moja.

"La, mama. Ilikuwa nzima. Baba aliizima mwenyewe."

Alijiandaa kwa kilio, au kwa hasira juu ya mume aliyemwacha. Havikuja.

"Kwa hivyo hakwenda kutafuta fundi."

"Hapana."

"Hakuingia porini."

"Hatujui alikokwenda. Tunachojua ni kwamba—"

"Yuko hai," Tryphena alisema.

Everlyne alifungua mdomo kusema kwamba hilo halikuthibitishwa na chochote. Wala kinyume chake hakikuthibitishwa. Kwa miaka tisa ni lile tope tu lililokuwa limemweka baba yake miongoni mwa wafu, na wao walikuwa wameliosha.

Mama aliingia ndani. Sauti yake kwenye simu ilisikika kupitia dirisha, nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi: "Mchungaji, usijisumbue Jumamosi. Hapana, si kuahirisha. Mwenyewe yupo." Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kanisani, na mkononi amebeba shati la kiume lililopigwa pasi. Akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Fundi, hii itafika Miasenyi?"

Nzau alimtazama Everlyne. "Itafika, mama. Hata Mombasa itafika."

"Basi twende. Eva, panda nyuma."

Everlyne alipanda, kwa kuwa hakuwa na hoja hata moja ya kumzuia. Walipofika barabara kuu, alimwona mama yake kupitia nafasi iliyo kati ya viti. Tryphena alikuwa akinyoosha kola ya lile shati magotini, huku akimkagua usoni kila mwanamume aliyesimama kando ya lami.