Chapa ya Korongo

Effie Geddes alikuwa na wiki tatu za kuamua nembo ya kiwanda ipigwe vipi kwenye mapipa. Mapipa mia mbili ya mwaloni, yaliyowahi kubeba wiski ya Kimarekani, yalikuwa yamepangwa uani, yakisubiri wiski ya kwanza ya kiwanda hicho kipya kando ya mto Spey. Effie ndiye aliyesimamia maghala. Pipa likiingia ghalani hukaa miaka kumi, kwa hiyo alama ukiikosea, utaitazama miaka kumi.

Nembo aliichora mwenye kiwanda mwenyewe, Innes Tulloch: korongo amesimama kwa mguu mmoja, mdomo mwembamba kama sindano, manyoya unaweza kuyahesabu. Kwenye karatasi alipendeza kwelikweli.

Effie alianza na rangi. Alikata bati kwa umbo la nembo, akaliweka juu ya kifuniko cha pipa, akapaka rangi nyeusi, akaliingiza pipa ghalani, kwenye sakafu ya udongo na unyevu usiokauka. Siku ya kumi na mbili alipopangusa ukungu, shingo ya korongo iliondoka na kitambaa.

Akapeleka pipa lingine mjini Elgin, kwa fundi wa mashine ya leza. Kwenye ubao mpya, mwanga ule ulichora hadi unyoya wa mwisho. Kwenye kifuniko cha pipa kuukuu, kilichobonyea kati na kuinuka kando, ulichora vizuri hapa, pale ukaacha kama moshi tu.

"Kilainisheni kwa randa kwanza," fundi alishauri.

"Randa ikila sana, pipa litavuja," Effie alimjibu, akalipakia pipa lake.

Kikabaki chuma cha moto. Hicho ndicho alichokitaka Wattie Strachan, fundi mapipa kwa miaka arobaini na minne, tangu siku ya kwanza. "Pipa hupigwa chapa," alisema. "Hayo mengine ni mapambo ya keki."

Wattie alikichoma chuma chenye nembo, akakikandamiza kifunikoni. Moshi ukafuka. Alipokiinua, walitokea makorongo wawili, mmoja kampanda mwenzake begani.

"Chuma kibovu hiki," alisema Wattie.

Akarudia. Wakatoka wawili tena. Safari hii Effie hakuangalia chuma, aliangalia mkono wa kulia wa mzee. Ulikuwa unatetemeka.

"Mzee Wattie, umeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Mkono."

Wattie alikiweka chuma chini taratibu. "Februari. Hata mke wangu Maisie sijamwambia."

"Ungeniambia mimi."

"Nikuambie ili unipeleke ofisini nikagonge mihuri?"

Kugonga pipa na kulisikiliza kama lina ufa, Effie alifundishwa na huyuhuyu. Akavaa glavu.

"Nipe chuma."

"Hukijui, binti."

"Si unifundishe? Mdomo wako hautetemeki, tena haujapumzika tangu nikujue."

Mzee akacheka bila kutaka. "Haya. Usikandamize kama unapiga pasi. Weka. Egemea. Moja, mbili, tatu, nne, toa! Juu, usivute pembeni!"

Korongo akatoka mmoja. Lakini mistari yake myembamba ilikuwa imeungua ikashikana, na mguu ulikuwa doa jeusi. Effie na Wattie wakachukua chaki, wakamchora upya: hana manyoya, shingo nene, mdomo kama patasi. Mhunzi akawatengenezea chuma kipya.

Tulloch alipoona chapa yake, uso ulimshuka. "Huyu ni bata."

"Ni korongo, bosi," alisema Effie.

"Amekula nini?"

"Shayiri yako yote," alisema Wattie.

Tulloch hakucheka. Manyoya yale aliyachora majira yote ya baridi. Effie akampeleka ghalani, ambako mapipa matatu ya majaribio yalikuwa mwisho kabisa wa safu, akampa tochi.

"Simama hapa mlangoni, uniambie nembo inaonekana kwenye lipi."

Tulloch alimulika kwa muda mrefu. "La kati, la yule bata," alikiri. "Na manyoya yangu?"

"Yaweke kwenye lebo za chupa. Karatasi haipigwi chuma cha moto."

Akamrudishia tochi, akakubali.

Jumatatu wakaanza. Effie alishika chuma, Wattie alihesabu, akimkaripia kila alipochelewa kuinua. Kufika Alhamisi yalikuwa yamebaki mapipa kumi na saba. Baada ya chai Wattie akasema, bila kumtazama, "Nimemwambia Maisie. Kesho naenda kwa daktari. Kuendesha gari sijiamini tena."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu. Na usinicheleweshe."

"Nitakuwa mlangoni kwako saa mbili," alisema Effie, akakirudisha chuma motoni.